Bibi wa Ngazini, Toleo la Kumi na Saba

Jumatatu ile maoni ya wachezaji yalikuwa mia mbili na kumi na manne, na zaidi ya nusu yalikuwa juu ya mdomo.

Kalamu, jina alilopewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake, aliyasoma akiwa amekaa kitandani, kibao cha kuchorea kimelala magotini. Mama yake alikuwa kando akikunja nguo ambazo zilishakunjwa tangu asubuhi. Akimaliza rundo anazikunjua zote, anashusha pumzi kama mtu aliyeletewa kazi mpya, halafu anaanza upya.

Mchezo wenyewe ni wa simu. Unapewa kamera, unatembea mtaa wa kuchorwa, unapiga picha watu unaokutana nao: kinyozi, muuza magazeti, wasichana wanaoruka kamba. Picha ikipendeza unapata nyota, unaipandisha ukutani wenzako waione. Watu wote wa mtaa ule, thelathini na wawili, walitoka mkononi mwa Kalamu. Wa mwisho alikuwa bibi aliyekaa kwenye ngazi za ghorofa, mfuko wa plastiki mapajani. Huyo alikuwa mama yake mtupu, hakumwongezea wala hakumpunguzia: jicho la kushoto limelegea, shavuni alama ya kuungua na pasi, na mdomo umevutwa kwenda kulia tangu siku ile kiharusi kilipompitia.

"Huyu bibi ananiharibia picha zangu," aliandika mmoja.

"Mdomo umepinda, mchoraji alikuwa na haraka?"

"Jicho lile linanitisha. Nikimpiga naambulia nyota moja."

Mwingine hakutaka maneno mengi. Alipiga picha ya bibi, akamzungushia mdomo duara jekundu, akaweka na mshale, kisha akaandika neno moja: "Rekebisheni."

"Wanasemaje hao watu wako?" mama aliuliza.

"Wanakusalimia, mama."

"Waambie sijambo. Waambie na miguu inauma."

Kwa kamera ya kweli mama hakutaka hata kusogelewa. Tangu mdomo uhame, mtu akiinua simu yeye anainua kitambaa. "Kamera haina adabu," alisema. "Wewe nichore tu. Ukinikosea nakuchapa." Kwa hiyo nyumba ile yenye mtu wa kuchora nyuso haikuwa na picha hata moja ya mama wa miaka hii, na hakuna aliyeona ajabu, maana mama mwenyewe si alikuwepo pale kitandani, anakunja nguo?

Jioni msimamizi wa mchezo alituma ujumbe wa sauti. "Dada, kazi yako nzuri, usinielewe vibaya. Ila mteja ni mteja. Huyo bibi mrekebishe, ama tumtoe pale ngazini tuweke paka. Paka anapendwa. Na tafadhali hifadhi juu ya faili lile lile, usinitengenezee jipya. Mara ile mlinijazia matoleo kumi, vijana wakapandisha lisilo lenyewe, nikatukanwa mimi."

Kalamu alisikiliza ujumbe mara mbili. Mama yake kwenye simu za watu, nafasi yake ikachukuliwa na paka! Bora abaki nusu, aliwaza. Akashika kalamu akaunyoosha mdomo kidogo, kiasi cha punje, akahifadhi juu ya faili lile lile.

*

Ikawa ndio mtindo. Kila Jumatatu maoni, kila Ijumaa saa sita mchana toleo jipya. Toleo la tatu mdomo ulikaa sawa. La tano jicho likanyanyuka. La nane wachezaji wakasema afadhali, ila ile alama shavuni ni uchafu au ni nini? Ikafutwa. La kumi wakasema mbona amenuna, mtu anapigwa picha ananuna? Akachekeshwa. Nyota zikapanda kutoka moja hadi mbili na nusu, hadi tatu, na msimamizi akaanza kutuma vikatuni vya kupiga makofi.

Mama alikuwa na kawaida ya kuchungulia kibaoni akiinuka kwenda kunywa maji. Siku ya toleo la tisa alisimama akatazama muda mrefu.

"Huyu mgeni amekuja lini?"

"Mgeni gani, mama? Huyu ni wewe."

"Haa." Mama aliangalia tena kwa heshima, kama mtu asiyetaka kubishana na daktari. "Mpeni basi hata chai. Amekaa ngazini muda mrefu."

Kalamu alicheka, kisha akaenda msalani kulia. Mama sasa hata sura yake mwenyewe imempotea, aliwaza. Usahaulifu ulikuwa umeanza mwaka uliopita kwa funguo, ukaja kwa majina, na sasa umefika usoni. Haikumpitia akilini kwamba siku ile, katika watu wote wa nyumba ile, mama ndiye aliyeona sawasawa.

Wa pili kuona alikuwa wifi yake, mke wa kaka. Kaka alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, na mkewe alifanya usafi kwenye benki moja ya mjini. Jumapili moja palikuwa na wageni, shoga zake Kalamu wa enzi za shule, kibao kikapita mkono kwa mkono. Toleo la kumi na moja. Wote wakasifu. Wifi alipokipata akakisogeza karibu.

"Wifi, samahani, lakini huyu si mama. Mama mdomo wake una..."

"Wifi," Kalamu alimkata, na alicheka ili wageni wacheke, "wewe shika ufagio, mimi nishike kalamu. Tusifundishane kazi."

Wageni wakacheka. Wifi naye akacheka, akarudisha kibao mezani polepole kama sahani ya watu, akaenda jikoni. Hakurudi mpaka wageni walipoaga.

*

Aliyekuwa akimlinda mama mchana, tuseme ukweli, hakuwa Kalamu. Alikuwa Mama Cherehani, fundi wa nguo aliyeweka mashine yake chini ya ngazi za ghorofa. Mama akishuka, Mama Cherehani anampigia kelele, "We shoga, unakwenda wapi na malapa tofauti? Njoo unishikie kitambaa!" Mama anakaa, anashika kitambaa, wanawasema watu wa ghorofa ya pili mpaka jua linazunguka upande wa pili wa jengo. Hakuna mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyeiita kazi.

Alhamisi ile Mama Cherehani alipanda hadi mlangoni na mkoba wa safari. Binti yake huko mbali amejifungua, anakwenda kumlea wiki nzima.

"Kalamu, mwanangu, macho kwa mama. Mimi sipo."

"Usijali, mama. Hongera ya mjukuu."

Ijumaa saa tano na nusu toleo la kumi na saba lilikuwa halijakwenda. Wachezaji walitaka nywele zichanwe vizuri. Wifi alikuwa kazini. Kalamu alikuwa ameinama, pua inakaribia kugusa kibao, anatafuta weupe wa nywele usiokuwa wa ugonjwa.

"Namsindikiza mgeni," mama alisema nyuma yake.

"Haya, mama."

Mlango ukafungwa taratibu. Mama alikuwa mtu wa kufunga milango taratibu. Saa sita kasoro dakika mbili Kalamu akatuma toleo, akajinyoosha mgongo, akageuka. Nguo zilikuwa kitandani, zimekunjwa zote, rundo limenyooka kama ukuta.

*

Kaka aligeuza lori njiani akafika saa kumi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Picha," alisema kabla hata ya kukaa. "Polisi wanataka picha, watu mtaani wanataka picha. Iko wapi?"

Ilikuwepo ya kitambulisho, ya miaka thelathini na moja iliyopita, mwanamke mwenye shingo ndefu na hasira.

"Hii? Hii ni nani? Mtu anayekula kwa kuchora watu hana picha ya mama yake!"

"Hakutaka kupigwa, kaka. Unajua."

"Si unamchora kila siku? Toa hiyo!"

Kalamu akafungua faili. Akamvisha gauni la kijani alilotoka nalo na sweta jekundu, akafuta ngazi. Mikono ilijua njia. Kisha akautazama uso, na hapa ndipo penye kosa ambalo labda ni mtu wa kazi yake tu angeweza kulifanya: aliona mama yake. Miezi minne alikuwa ameshinda na uso ule, amekula nao, ameutafutia nywele. Ulimwangalia kutoka kibaoni na moyo wake ukaitika.

Kaka alitazama, akasita. Miezi minne hakuwa amekaa na mama uso kwa uso. Akija anafika usiku, anaondoka alfajiri, anaacha vitu mezani. Alihisi kitu hakijakaa, lakini angesemaje mbele ya dada yake kwamba sura ya mama haikumbuki vizuri? "Sawa," akasema.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare ya kazi. Aliangalia kibao. Akafungua mdomo. Kisha akamwangalia Kalamu, akaufunga.

Magharibi haijaingia, karatasi mia mbili zilikuwa zimebandikwa kwenye nguzo na kuta: AMEPOTEA. UMRI MIAKA SABINI NA MBILI. MSAHAULIFU. Na bibi mmoja mzuri, mdomo umenyooka, anacheka.

*

Jumamosi walitembea. Jumapili walitembea. Kaka alichukua polisi na hospitali, wifi akachukua masoko, Kalamu akachukua kila barabara iliyobaki. Watu walikuwa wema, walichukua karatasi kwa mikono miwili. "Bibi mzuri huyu," walisema. "Mungu atamrudisha." Kaka alirudi Jumapili jioni amechoka kama mtu aliyesukuma lori lake badala ya kuliendesha. "Hospitali kubwa nimeonyesha wodi zote. Hayupo."

Jumanne asubuhi Kalamu alikuwa kwenye stendi ya mabasi. Mwanamke mmoja aliuza viatu vya mitumba chini ya nguzo yenye karatasi yao. Upepo ulikuwa umeshainyanyua pembe moja.

"Samahani, dada, hujamwona huyu?"

"Huyo? Namwona hapo kila siku, ananichekea tu." Muuza viatu alikuwa mtu wa maneno, alipanga kiatu na mwenzake huku akiongea. "Ila hamjambo nyinyi, mna karatasi. Kuna mwingine, maskini, alikaa hapa Jumamosi tangu asubuhi, hana hata wa kumtafuta. Nilimpa maji. Nikamuuliza, mama unamsubiri nani? Ananiambia anamsubiri mgeni wake, wamepotezana. Anazichukua hizi soksi zangu anazikunja, anazikunjua. Nikamwacha, nikasema bora ana shughuli."

Kalamu alishika nguzo.

"Alivaa nini?"

"Gauni tu, la kijani lililofifia. Sweta alikuwa amelikalia."

"Uso wake. Uso ulikuwaje?"

Muuza viatu aliweka kiatu chini. Akachukua kidole, akavuta pembe ya mdomo wake mwenyewe kuelekea kulia, na jicho la kushoto akalilegeza. Mama akawa amesimama pale stendi, kwenye uso wa mwanamke asiyemjua.

"Mbona hukusema? Karatasi si hii hapa!"

"Nisemeje, mdogo wangu?" Sauti ya muuza viatu ilishuka. "Alikaa hapa hapa. Nilimwangalia yeye, nikaangalia karatasi. Nikamwangalia tena. Nikasema siye. Huyu wenu si mzima?" Akaitazama karatasi, akamtazama Kalamu, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Alasiri alianguka. Watu walimkodia gari, nasikia hospitali kubwa."

Kalamu alimpigia kaka. Kaka alipiga kelele mpaka wauzaji wa jirani wakasikia: hospitali si alikwenda? Nesi si aliangalia karatasi? Tukirudi tunarudi na nini, na maneno?

Alikaa chini kati ya viatu vya watu. Faili lilikuwa moja, na ndani yake alikuwa na mtu mmoja, yule anayecheka. Kisha akakumbuka kile alichokuwa akikificha kila Jumatatu. Akafungua maoni, akarudi nyuma wiki kwa wiki, matusi kwa matusi, mpaka wiki ya kwanza. Duara jekundu. Mshale. "Rekebisheni." Na ndani ya duara, kama alivyoachwa, mdomo wa mama yake.

*

"Ee," nesi alisema, simu ikiwa bado mkononi mwa Kalamu. "Huyu." Akaongeza kwa upole, "Hata msingemzungushia ningemjua."

Kaka alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya dada yake, kofia mkononi.

"Yuko wapi?"

Nesi aliwashika mikono. Aliwavuta mpaka kwenye benchi. Alikuwa msichana mdogo, na kalamu mbili nyekundu mfukoni.

"Aliletwa Jumamosi jioni. Jina hakulijua. Tulimwandika Asiyejulikana, ila sisi wenyewe tulikuwa tunamwita Mama Mashuka. Kila shuka analoliona anakunja. Kuna mgonjwa mmoja alilalamika kanyang'anywa la kujifunika." Alijaribu kutabasamu, akaacha. "Alitutoka jana alfajiri. Moyo."

"Jumapili nilikuja hapa," kaka alisema. "Nilisimama mlango huu. Nilikupa karatasi wewe."

"Ndiyo, kaka. Wanaume hawaingii wodi ya kina mama mpaka saa za kuona wagonjwa. Nikaenda nayo ndani. Nilipita kitanda kwa kitanda. Kitanda cha tisa nilisimama." Sasa nesi alikuwa analia. "Mama alikuwa amekaa, ana afueni, anakunja. Nikamwonyesha karatasi nikamuuliza, bibi, huyu ni wewe? Akaangalia, akaniambia hapana, huyu ni mgeni wetu. Nikarudi nikakwambia hayupo."

Kaka aligeuka taratibu akamtazama dada yake. Hakumpiga wala hakumtukana. Alivaa kofia akatoka nje, na wakamsikia anaipiga bodi ya lori kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama anayegonga mlango afunguliwe.

*

Msibani watu walijaa, viti viliazimwa hadi jengo la pili. Swali likawa picha ya kuweka mezani. Kalamu alitaka ile ya duara.

"Mtu anaingia kutoa pole aone mama kazungushiwa nyekundu kama hesabu iliyokosewa?" kaka alisema bila kumtazama. "Basi lifute duara. Si kazi yako?"

Alijifungia chumbani, akajaribu. Lakini duara lilipita juu ya pembe ya mdomo, palepale ulipovutwa, na kulifuta ilikuwa kuifuta na pembe. Ilibidi aichore upya. Alichora. Ikanyooka. Akafuta, akafumba macho, akamkumbuka mama akisema waambie na miguu inauma, akachora. Ikanyooka, na safari hii ikacheka. Mara kumi na tatu alichora, na mara kumi na tatu mkono ukawatii wachezaji.

Simu ikalia juu ya kitanda. Msimamizi. "Dada! Toleo la kumi na saba, nyota nne na nusu! Wanasema ndiye wanayempenda kuliko wote mtaa mzima. Sasa usimguse tena."

Wifi aliingia kuchukua shuka la kufunika meza. Kalamu alimshika mkono.

"Wifi. Ijumaa ile pale mlangoni. Ulitaka kusema nini?"

Wifi aliliweka shuka begani, akalinyoosha. Macho yake yalikuwa yamevimba kuliko ya mtu yeyote katika nyumba ile.

"Mimi nimeshika ufagio wangu, wifi," alisema, na akatoka.

Ikawekwa ile inayocheka. Ilikuwa safi, ilikuwa kubwa, na wageni walipoingia walisema hivyo hivyo: amependeza, ametulia, maskini. Ile ya duara, aliyokwisha kuichapisha karatasini, Kalamu aliikunja mara nne akaitia kifuani.

Mama Cherehani alifika alasiri, ametoka moja kwa moja stendi, mkoba wa safari bado begani. Kilio chake kilitangulia ngazini. "Shoga yangu! Shoga yangu, nimekwenda siku tano tu! Nani atanishikia kitambaa?" Nyumba nzima ikalia upya. Alimkumbatia kaka, akamkumbatia wifi, akamshika Kalamu kichwa na kukilaza kifuani kwake, na Kalamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akalia kwa sauti.

Hatimaye wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, karibu na meza. Mama Cherehani akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akapenga, akavuta pumzi. Akainua macho kwenye picha. Aliitazama hivi, akainamisha kichwa akaitazama vile, kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Kisha akamwinamia Kalamu na kumnong'oneza, ila sauti ya Mama Cherehani haikuumbwa kwa kunong'ona, na chumba kizima kilisikia.

"Mwanangu, na huyu mgeni ni nani? Mbona mmemweka mahali pa shoga yangu?"